Kura ya Kwanza Siyo, ya Pili Ndiyo

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya ukarani wa vikao mnanipigia simu mkiuliza mambo yaliyoandikwa kwenye kanuni. Kanuni mnazo, zifungueni. Mimi nitawaambia yale ambayo kanuni zinaona haya kuyasema.

Mheshimiwa akisimama akasema "naomba mjadala ufungwe", usidhani amechoka kusikiliza. Hajawahi kusikiliza huyo. Ana kitu anakikimbilia, au kuna kitu kinamkimbiza. Kazi yako wewe karani ni kutazama mezani kumebaki nini, kwa sababu mjadala ukifungwa, hoja hazifungwi. Hilo ndilo jambo ambalo wakubwa wengi wameingia nalo kaburini bila kulielewa, na wengine bado wako hai na wanagombea tena.

Nimefanya kazi katika halmashauri moja ya huku kwetu Tabora, jina lake nalihifadhi. Nilianza nikiandika kwa mkono, mpaka vidole vikaota sugu. Nimestaafu madiwani wakiwa wamepewa vishikwambi ili wasome makabrasha, na wanavitumia kutazama mpira. Siku hizi niko Itetemia, nalima mahindi kidogo na kufuga kuku, ambao wana nidhamu ya kikao kuliko wengi niliowahudumia. Kuku akishataga anapiga kelele. Wale wangu walipiga kelele bila kutaga chochote.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani, mtu wa mjini, baba yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mpole, lakini ulimi wake ulikuwa na wembe. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akajibu, "Marahaba mwanangu. Unaweza kukaa saa nzima bila kucheka?" Nikadhani ananitania. Nikaingia kikaoni, nikaelewa.

Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya hoja kwa sahani za shughuli. "Mwajuma," aliniambia, "hoja ya msingi ni sahani ya chini. Mtu akileta marekebisho, ameweka sahani juu yake. Mwingine akitaka kuyarekebisha hayo marekebisho, ameweka ya tatu. Sasa wakisema basi, tusizungumze tena, sahani zimekwenda wapi?"

"Zipo palepale, mzee."

"Zipo palepale. Na unaosha ipi kwanza?"

"Ya juu."

"Basi umemaliza masomo. Waheshimiwa wanafikiri ukisema basi, sahani za juu zinapaa zenyewe."

Alikuwa ana sababu ya kusema hivyo. Kabla yangu palikuwa na mwenyekiti, marehemu sasa, aliyeamini kwamba kufunga mjadala ni kufunga kikao. Walikuwa wanajadili kisima cha kijiji fulani. Wakapiga kura ya kufunga mjadala, waliosema ndiyo wakashinda, mwenyekiti akafurahi, akaomba dua ya kufungia kikao, watu wakainuka wakaenda kula. Kisima chenyewe hakikupigiwa kura. Mzee Ramadhani alimkimbilia mlangoni, "Mheshimiwa, hoja bado!" Akajibiwa, "Si tumeshaomba dua, Ramadhani? Unataka kumrudisha Mungu nyuma?" Wanakijiji wale wakaendelea kunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe mpaka kikao kilichofuata. Mzee Ramadhani alipokuwa akinisimulia hiki kisa hakucheka, na mimi sikuthubutu.

Kwa hiyo mkisikia mtu anaomba kufunga mjadala, muulizeni mwenyekiti kwa sauti ndogo: mjadala upi? Kuna anayetaka kufunga mjadala wa marekebisho tu, hoja ya msingi ibaki wazi watu waendelee kuizungumza. Kuna anayetaka kufunga wa vyote vilivyo mezani. Tofauti yake ni kubwa. Akitaka vyote, kura zinapigwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kuanzia juu kushuka chini, na hapo katikati hakuna ruhusa ya kusema neno wala kuongeza nukta. Kilichokuwa mdomoni kinabaki mdomoni.

Sasa niwaambie yaliyompata Mheshimiwa Kasanda.

Kasanda alikuwa diwani mwenye malori, mwenye kitambi cha heshima na miwani ya dhahabu ambayo sina hakika kama ilikuwa na kazi machoni. Sitamsingizia ujinga. Kanuni alizijua kuliko wote mle ndani, isipokuwa alizijua kama mwizi anavyolijua dirisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafunga midomo wenzake kila mwaka. Mtu akianza kuzungumza jambo la maana, unasikia upande wa Kasanda, "Hoja itolewe uamuzi!" Na kundi lake, karibu nusu ya baraza, linaitikia.

Katika eneo letu kuna stesheni ndogo ya reli ya kati. Si Kigwa, msije mkawasumbua watu wa Kigwa. Mimi nimezaliwa Kigwa na najua hawana hatia. Jina la hii nalo naliacha. Treni ya abiria ikisimama pale, kina mama huwa wamekwisha jipanga kando ya reli na sinia kichwani: karanga, asali kwenye chupa, mahindi ya kuchemsha, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo msafiri wa Kigoma anaweza kuvitafuna mpaka nyumbani kwao. Mkubwa wao alikuwa Mama Nyamizi, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Alisomesha watoto kwa matobolwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nanunua kwake.

Pembeni ya stesheni inapita njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kwenda pwani na kurudi. Kasanda akaleta hoja barazani kwamba wauzaji wote wa eneo lile waondolewe, ili njia ya misafara ihifadhiwe kwa ajili ya watalii. Watalii! Tangu kibao cha njia hiyo kiwekwe, mgeni niliyesikia amefika pale ni mmoja, alikuwa amepotea, akanunua karanga akaondoka. Tulijua wote kwamba Kasanda alitaka kiwanja kile alaze malori yake. Kwenye hoja hapakuwa na neno lori.

Asubuhi ya kikao, kwenye chai, Kasanda aliwakusanya watu wake karibu na meza ya maandazi. Mimi nilikuwa pale pale, namimina chai. Hakujali. Karani kwa waheshimiwa ni kama feni: wanakumbuka yupo siku asipofanya kazi.

"Sikilizeni," akawaambia. "Zuhura ataleta marekebisho yake ya huruma. Mwacheni aongee kidogo. Mimi nikivua miwani, wewe," akamgusa diwani mmoja kijana anayeitwa Makoye, "unasimama unaomba mjadala ufungwe. Wote mnaitikia ndiyo. Zitabaki kura mbili. Ya kwanza ni marekebisho ya Zuhura: siyo. Ya pili ni hoja yangu: ndiyo. Halafu tunakwenda kula. Nani hajaelewa?"

"Ya kwanza siyo, ya pili ndiyo," wakaitikia kama watoto wa madrasa.

Nisiwafiche, moyo uliniuma. Mpango ulikuwa safi, na haukuvunja kanuni yoyote. Karani hana kura, wala hana mdomo mpaka aulizwe. Nikabeba birika langu nikaingia ukumbini.

Mheshimiwa Zuhura alikuwa diwani wa viti maalumu, mwalimu mstaafu. Kasanda alipomaliza kuitetea njia ya misafara kwa machozi, Zuhura akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza. Misafara ilipopita hapa kwetu, wapagazi walikula nini? Walikula mawe? Walikula walichouziwa na bibi zetu waliokaa kando ya njia. Ile njia ni biashara ya chakula kwa wapita njia tangu ilipoanza. Leo tunaihifadhi kwa kuwafukuza wanaouza chakula kwa wapita njia. Naomba kutoa marekebisho: neno 'waondolewe' lifutwe, pawekwe maneno 'wajengewe banda kwenye eneo la stesheni'."

Ukumbi ukachangamka. Kwenye viti vya wananchi nyuma Mama Nyamizi na wenzake walikuwa wamekaa, hawaruhusiwi kusema, lakini walipiga makofi na mwenyekiti akawakemea bila nguvu. Mwenyekiti wetu wa wakati huo alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo, anayependa kikao kiishe kwa amani na kwa wakati. Nikaona madiwani wawili wa kundi la Kasanda wanatikisa kichwa kumkubali Zuhura. Na Kasanda naye akaona.

Hapo ndipo akili yake nyingi ilipomponza. Badala ya kuvua miwani na kumaliza, akataka kuwa mjanja zaidi. Akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi si adui wa kina mama. Banda nalikubali! Ila naomba kurekebisha marekebisho ya Mheshimiwa Zuhura. Maneno 'kwenye eneo la stesheni' yafutwe, yawekwe 'kwenye eneo la mnada wa ng'ombe'. Nitaeleza sababu zake."

Mnada wa ng'ombe uko mbali na reli. Ukiwa pale treni unaisikia tu ikipiga honi. Lakini lilikuwa jambo la ujanja kweli: nani angeonekana anapinga banda? Akaungwa mkono, nami nikaandika. Sahani ya tatu ikakaa juu.

Kasanda akashika karatasi yake aeleze hizo sababu. Ukumbi ulikuwa na joto, feni moja mbovu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kioo. Akavua miwani aifute.

Makoye akaruka wima. "Mheshimiwa Mwenyekiti! Naomba mjadala ufungwe kwa yote yaliyo mezani, na hoja zitolewe uamuzi!"

"Naunga mkono!" wakaitikia nyuma yake.

Kasanda akageuka miwani ikiwa mkononi. "Hapana, bado! We Makoye, kaa chini! Mwenyekiti, sijamaliza kueleza..."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bi Mwajuma, anaruhusiwa kuendelea?"

"Hoja ya kufunga mjadala haijadiliwi, Mheshimiwa," nikamjibu. "Inapigiwa kura hapo hapo."

Wakati huo Zuhura naye alikuwa amenyoosha mkono, ameunyoosha mpaka amesimama kwa vidole vya miguu, anaita, "Mwenyekiti, nyongeza moja! Nyongeza ndogo tu!" Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba asubiri. Harufu ya pilau ilikuwa imeingia ukumbini kutoka jikoni, na pilau haina subira.

"Wanaoafiki mjadala ufungwe?"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Siyo zilikuwa chache. Ya Zuhura na wenzake, na moja nzito sana ya Kasanda. Ndiyo yangu ya moyoni sikuitoa, lakini niliisikia masikioni mwangu. Mwenyekiti akatangaza mjadala umefungwa, akaniuliza tunaanza na ipi.

Nikasimama nikasoma, taratibu, kama Mzee Ramadhani alivyonifundisha, maana karani akisoma haraka ndipo anapolaumiwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mezani kuna mambo matatu. Tunaanza na marekebisho ya Mheshimiwa Kasanda, kwamba banda liwe mnadani. Yakiisha, tunapiga kura ya marekebisho ya Mheshimiwa Zuhura, yakiwa kama yatakavyokuwa. Mwisho ni hoja ya msingi, nayo kama itakavyokuwa."

Nilisema wazi, kwa Kiswahili cha Tabora kinachoeleweka na kila mtu. Ila watu wa Kasanda hawakuja kusikiliza. Walikuja na wimbo wao kichwani, na beti za wimbo zilikuwa mbili.

"Wanaoafiki marekebisho ya Mheshimiwa Kasanda?"

"Ndiyo," alisema Kasanda. Peke yake. Sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

"Wasioafiki?"

"Siyooo!" Upande wa Zuhura ulisema siyo kwa sababu waliupinga mnada. Upande wa Kasanda ulisema siyo kwa sababu kura ya kwanza ni siyo. Sijawahi kuliona baraza lile limeungana namna ile, hata siku ya kupitisha posho.

Kasanda akageuka rangi. "Mwenyekiti, hawa hawakuelewa! Naomba nifafanue kwa ufupi!"

"Mheshimiwa, mjadala umefungwa," akasema mwenyekiti. Na nadhani aliifurahia sentensi hiyo, maana alikuwa ameisikia kwa Kasanda miaka mingi.

"Basi utaratibu! Naomba mwongozo!"

"Mwongozo ni kwamba tunaendelea. Wanaoafiki marekebisho ya Mheshimiwa Zuhura?"

Kasanda akawa anawapungia watu wake mkono, kataeni, kataeni, kama mtu anayefukuza nyuki. Makoye akadhani anahimizwa aongeze sauti. "Ndiyooo!" Ukuta ukaitika. Kura ya pili ni ndiyo.

Ya tatu ilikuwa hoja ya msingi, ambayo sasa ilisema wauzaji wajengewe banda kwenye eneo la stesheni. Watu wa Kasanda walitazamana. Kwa kura ya tatu hawakuwa na maelekezo. Walichoambiwa ni chakula. Wengine wakasema ndiyo, wengine wakawa wameshaanza kufunga makabrasha. Ikapita.

Kule nyuma Mama Nyamizi akapiga kigelegele kilichotaka kung'oa bati. Nilijiuma shavu kwa ndani nisicheke, mpaka nikasikia ladha ya damu.

Kwenye pilau Kasanda alimfuata Makoye. "Nilikwambia nini asubuhi?"

"Ukivua miwani, mheshimiwa."

"Nilikuwa nafuta jasho!"

"Sasa mimi ningejuaje? Miwani imetoka au haikutoka?"

Tulicheka sana siku ile, hata wapishi. Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya nusu, kwa sababu mjadala uliofungwa haukumfunga Kasanda peke yake.

Nilimkuta Zuhura amekaa pembeni, hajagusa sahani yake. Nikamwuliza, "Mwalimu, umeshinda, mbona uso umekunjamana?"

"Bi Mwajuma, ile nyongeza yangu ilikuwa kwamba banda litazame reli. Mama Nyamizi ndiye aliyeniomba. Sikupata nafasi."

"Wahandisi wataliona hilo wenyewe," nikamwambia. "Nani atajenga banda la kuuzia abiria likatazama upande mwingine?"

Nilisema hivyo kwa nia njema, na nilikuwa nawasahau watu niliofanya nao kazi maisha yangu yote.

Banda likajengwa. Zuri, matofali ya kuchoma, bati la rangi ya bluu. Likatazama barabara, ili viongozi wakipita na magari walione. Upande wa reli ukawekwa ukuta mzima, bila tundu la panya. Treni ikifika, abiria wanatazama tofali. Zuhura alikwenda ofisi moja hadi nyingine. Akaambiwa azimio la baraza linasema "banda kwenye eneo la stesheni", na banda si hilo hapo? Azimio halikusema uso wake uko wapi. Kweli, halikusema. Mwenye kulisema alikuwa amenyoosha mkono wakati watu wanasikia harufu ya pilau.

Kiangazi chote kina mama walikaa nyuma ya banda lao, juani, wakiuza chini ya ukuta uliojengwa kwa ajili yao. Nilipita pale nikitoka Kigwa kumwona dada yangu. Nilimwona Mama Nyamizi ametandika khanga kwenye kivuli chembamba cha ule ukuta, kivuli kinachotosha bega moja. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa matobolwa, akakataa nisimlipe. "Mlituambia tumeshinda," akasema.

Kisha siku moja ukuta ule ukaonekana una madirisha. Makubwa, yamepangwa vizuri, mapana ya kutoa sinia. Matofali yaliyotoka yalikuwa yamepangwa pembeni kwa usafi, maana hao si watu wa kuharibu mali. Ofisa mmoja akaja na pikipiki, amefura.

"Nani amebomoa ukuta wa serikali?"

"Treni, baba," akajibu Mama Nyamizi.

"Treni?"

"Ilipita ikatikisa. Hii treni mpya ina nguvu sana."

Kina mama wote wakathibitisha. Ofisa akatazama yale madirisha, yamenyooka kama yamepimwa kwa timazi. Akawasha pikipiki.

Jambo lile likafika barazani, na hicho ndicho kilichokuwa kikao changu cha mwisho kabla sijastaafu. Diwani mmoja mgeni, amechaguliwa juzi juzi, akasimama na kishikwambi chake akasoma hoja ndefu yenye Kiswahili cha mkoani na cha Dar es Salaam vimechanganyika: kina mama wale wachukuliwe hatua na ukuta uzibwe mara moja. Akaketi akijipongeza.

"Hoja imetolewa," akasema mwenyekiti. "Nani anaiunga mkono?"

Madiwani wakajifanya wanasoma makabrasha. Hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi, kwa hiyo hakuna hata mjadala wa kufunga. Nikayainua macho nikamtazama Kasanda, maana kama kuna mtu aliyetarajiwa kusimama ni yeye. Alikuwa ameinama, anatafuna kitu polepole, mkono mmoja umefunika kifuko cha matobolwa juu ya kabrasha.

"Naomba kuuliza tena," mwenyekiti akasema, "hakuna anayeunga mkono?"

Hakuna aliyeinuka. Nikaandika mstari mmoja kwamba hoja imeanguka, nikafunga kalamu, na madirisha yale yako wazi mpaka leo.